Njia Ndefu kwa Vipande

Chumba cha nyuma cha bekari kilikuwa kidogo, na joto la tanuri lilimpiga usoni kila aliyefungua mlango. Humo ndani alifanya kazi mwanamke mmoja ambaye mtaa mzima ulimwita Chapuchapu. Jina lilikuwa la utani, lakini lilikuwa limemkaa kama nguo ya kushonewa. Alikanda unga huku akipiga hatua papo hapo, alipanga trei huku akizungumza, na jioni, wenzake walipokuwa wakitafuta pa kuegemeza migongo, yeye alirudi nyumbani kwa miguu akipita njia ya mbali makusudi.

Kutembea kulikuwa ndiyo starehe yake. Nje ya mji kulikuwa na njia ya miguu iliyoanzia kwenye miamba ya milimani, ikateremka katikati ya msitu wa misonobari, ikafuata tuta la bwawa kubwa, kisha ikaandamana na mto mpaka ziwani. Kuitembea yote kulihitaji siku nyingi na mapafu ya kuaminika. Kila mwaka, Chama cha Watembeaji kiliitembea kuanzia mwanzo hadi mwisho, na kila mwaka Chapuchapu alikuwa mbele, kibegi mgongoni, akiwasubiri wenzake juu ya vilima kwa kejeli za kirafiki.

Mtu hupanga, na Mungu hupangua. Asubuhi moja, alipokuwa akivuka barabara kwenda kazini, pikipiki ilitokea upande asioutazamia, ikamgonga. Alipozinduka alikuwa hospitalini, na nyonga yake ya kushoto ilikuwa imevunjika vibaya. Waliiunga kwa vyuma. Baada ya miezi ya kulala, kukaa, kusimama na kuanguka, mtaalamu wa viungo alimwambia ukweli bila kuufunika kwa shuka.

"Utatembea, mama, ila si kama zamani. Milima, ngazi ndefu na mawe ya kuteleza, hivyo visahau. Mahali tambarare, ukiwa na magongo yako na ukipumzika mara kwa mara, nenda unapotaka."

Alirudi bekari, akawekewa kiti kirefu kaunta, auze mikate badala ya kuikanda. Watu waliacha kumwita Chapuchapu. Walianza kumwita "dada" au "mama" kwa sauti ya pole, na hilo lilimuuma kuliko nyonga.

Ulipofika mkutano wa mwaka wa Chama, alikwenda. Mwenyekiti, mfamasia mwenye moyo mzuri na maneno mengi, alisimama akatangaza kwamba wamemteua kuwa mlezi wa Chama. Hatakuwa na kazi yoyote ngumu. Atapelekwa kwa gari mwisho wa njia, akae kivulini, awapokee wenzake kwa chai. Ukumbi ulipiga makofi. Chapuchapu alishukuru, uso ukicheka na moyo ukilia.

Nyumbani, mumewe alikuwa ametoka tu kazini. Huyu alikuwa mwalimu wa udereva, na kila mtu, mkewe akiwemo, alimwita Mwalimu. Alikuwa mtu mpole, mwenye kitambi, asiyependa kutembea hata hadi dukani. Alizoea kusema kwamba kama Mungu angependa yeye atembee, asingeruhusu gurudumu livumbuliwe.

"Wamenifanya birika," Chapuchapu alisema, akiketi kwa uangalifu.

"Birika?"

"Nikae mahali pamoja, chai isipoe."

Mwalimu alicheka, kisha akaona kwamba mwenzake hacheki. Akaacha.

"Sasa unataka nini, mke wangu?"

"Nataka njia yangu."

"Yote?"

"Ile ninayoiweza. Haiwezekani njia ndefu namna ile iwe mlima mtupu. Lazima kuna vipande vyake vinavyonifaa. Nitavitafuta."

Mwalimu alimtazama yeye, akayatazama magongo, akapumua kwa nguvu. "Basi mimi nitaendesha," alisema. "Lakini usinitake nitembee."

Chapuchapu alitandaza ramani juu ya meza ya jikoni, akaanza kutafuta mahali ambapo mistari ya miinuko ilikaa mbali mbali, dalili ya tambarare. Kipande kimoja kilimvutia, kile cha mabwawa madogo ya samaki, karibu na mto. Akampigia simu katibu wa Chama, kijana aliyeipita njia ile miaka mingi.

"Kipande kile?" Katibu alicheka. "Tambarare kama meza, dada. Mtoto mchanga atambae, atafika."

Jumapili wakaenda. Mwanzo ulikuwa mzuri. Ardhi ilikuwa kavu, matete yalinong'ona, na Chapuchapu alipiga magongo yake mbele kwa furaha ya mfungwa aliyeachiwa. Mwalimu, aliyeapa kutotembea, alimfuata nyuma akilalamikia viatu. Kisha njia ikapinda, na mbele yao zikatokea ngazi za mawe zilizoshuka hadi kwenye daraja dogo. Zilikuwa nyembamba, zimeota ukungu wa kijani, na hazikuwa na cha kushika.

"Turudi," alisema Mwalimu.

"Nitashuka kwa makalio."

"Mke wangu, turudi."

Hakurudi. Aliketi kwenye ngazi ya juu, akashuka moja, akashuka ya pili, na kwenye ya tatu gongo likateleza, naye akaporomoka hadi chini kama gunia la unga. Hakuvunjika kitu, lakini hakuweza kuinuka. Mwalimu alishuka akihema, akamgeuzia mgongo, akambeba. Walikutana na watu wawili waliokuwa wakikimbia mazoezi, wakapisha pembeni wakiwaangalia kwa huruma. Chapuchapu alificha uso wake kwenye shati la mumewe ili asizione sura zao.

Walipofika kwenye gari, shati la Mwalimu lilikuwa limeloa jasho.

"Basi," alisema. "Nimekuunga mkono, nimekubeba. Lakini kukuua, hapana. Leo ndio mwisho."

Jioni ile binti yao, aliyefanya kazi mji mwingine, alipiga simu. Baba alikuwa amemweleza kila kitu. "Mama, unatafuta nini huko porini?" aliuliza huku akilia. "Ulipona kwa bahati. Unataka tukuzike ndipo uridhike?"

Chapuchapu aliweka simu mezani. Alikunja ramani, akaitia chini ya godoro, na kwa majuma kadhaa akawa mtu wa kwenda kazini na kurudi. Nyumbani palikuwa na amani ile isiyopendeza, ya watu wawili wanaopitishiana chumvi bila neno.

Siku moja Katibu aliingia bekari kununua mkate. Alikuwa amesikia habari, na aibu ilimtanda usoni.

"Dada, nisamehe. Nakuapia sikumbuki kama pale pana ngazi."

"Umepita pale kila mwaka."

"Nimepita. Lakini ukiniuliza sasa hivi ngazi ziko wapi, siwezi kukuonyesha. Sijui kwa nini."

Chapuchapu alimfungia mkate wake, akamrudishia chenji, na Katibu akaondoka. Maneno yale yalibaki naye kaunta kutwa nzima. Kijana yule hakumdanganya. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na mguu mzima haukumbuki ngazi. Kosa lilikuwa kuuliza kama njia ni rahisi. Kila mtu hupima urahisi kwa miguu yake mwenyewe.

Alimweleza mumewe hayo wakati wa chakula. Mwalimu alimaliza chakula, akainuka, akaosha sahani yake. Chapuchapu alidhani mazungumzo yameishia pale.

Kumbe yalikuwa yamemkaa mwenzake. Siku mbili tatu baadaye, mchana, gari la mafunzo lilisimama mbele ya bekari kwa kukatakata, likazimika. Kwenye usukani alikuwa mama mmoja wa makamo, ametoa macho kama aliyeona jini. Pembeni yake alikaa Mwalimu.

"Omba ruhusa, upande nyuma," alimwambia mkewe dirishani. "Na ufunge mkanda, huyu bado hajaelewana na klachi."

Walitoka mjini polepole, wakaingia barabara ya vumbi, wakapanda kidogo, na ghafla wakawa juu ya tuta la bwawa. Maji yalitanda upande mmoja, mashamba upande wa pili, na katikati ilinyooka barabara pana ya changarawe iliyoshindiliwa, ambayo magari ya idara ya maji huitumia kukagua tuta.

"Hapa ndipo ninapowaleta wapya," alisema Mwalimu. "Hakuna mlima wa kumzimishia mtu gari, hakuna kona, hakuna shimo. Miaka yote nimepaona kuwa mahali panapochosha kuliko pote duniani. Halafu juzi ukaniambia ya mguu mzima, nikajiuliza: mtu anayeogopa gari na mtu mwenye magongo si wanataka barabara moja?"

Chapuchapu alifungua mlango. Kando ya barabara kulikuwa na jiwe lililopakwa alama nyeupe. Aliijua alama ile. Njia ndefu yenyewe ndiyo ilipita hapo. Alikuwa ameitembea mara nyingi, akiuona ule unyoofu kama adhabu, akikaza mwendo ili afike penye vilima na raha ianze.

Akaweka magongo chini, akaanza kutembea. Changarawe haikuteleza. Upepo wa bwawa ulimpulizia unga aliobaki nao kwenye mikono ya gauni. Nyuma yake gari lilinguruma, likaruka kama chura, likazimika. Mama wa usukani aliomba radhi, Mwalimu akamwambia aanze tena, na Chapuchapu akaendelea. Alipochoka, alisimama, gari likamfikia, akaketi kwenye kiti cha nyuma mlango ukiwa wazi. Alipopata nguvu, akashuka tena. Kwa mtindo huo alilimaliza tuta lote.

"Sasa wewe ndiye uliyenifikisha," alimwambia mumewe, machozi yakimlengalenga.

"Klachi ndiyo iliyokufikisha," alijibu Mwalimu. "Ingekuwa inashikwa vizuri, tungekuacha."

Tangu siku hiyo walitafuta pamoja. Hawakuuliza tena watembeaji. Waliuliza wapi gari la mbao huingia msituni, wapi wauza maziwa husukuma baiskeli zao, wapi reli ya zamani ilipong'olewa ikaacha tambarare yake. Mwalimu, aliyeapa kutotembea, alitangulia mbele na kurudi na taarifa kwa lugha anayoijua: "Mteremko mwepesi, shuka na gia ndogo. Kulia kuna gogo, egesha upumzike. Mbele kuna tope, hakuna kupita." Vipande vingine walivikataa baada ya hatua chache. Vingine vilifaa kiangazi tu. Kitambi chake kilianza kupungua, naye akakasirika kwamba suruali zinamvuka.

Habari hazina miguu lakini husafiri. Mteja mmoja wa bekari, mwanamke mshonaji wa nguo za shule aliyeitwa na wote Fundi Cherehani, alisogeza kiti chake cha magurudumu mpaka kaunta na kumwuliza Chapuchapu kama ni kweli. Alikuwa ametumia kiti tangu utotoni.

"Nimezaliwa mji huu," alisema. "Kutoka dirishani kwangu naona watu wakirudi kutoka huko na matope kwenye viatu. Sijawahi kuijua hata harufu ya hiyo njia."

"Utaijua," alisema Chapuchapu. "Tena utaijua pamoja na Chama kizima."

Alikwenda kwa Mwenyekiti, duka la dawa likiwa halina wateja, akamwomba kwamba safari ya mwaka huu iwe na kundi la pili, la wale wasioweza milima, litakalotembea vipande vilivyokwisha kupatikana na kukutana na wenzao ziwani.

Mwenyekiti alipanga chupa zake kwenye rafu kabla ya kujibu. "Dada yangu, nakuheshimu sana. Lakini njia haikatwi vipande. Anayeruka milima hawezi kusema ameitembea. Tukianza hivyo, hata jina la Chama litapoteza maana."

"Mwenyekiti, nyinyi mkifika jioni, si mnalala? Mkaanza tena kesho?"

"Tunalala, ndiyo."

"Basi nanyi mnaikata vipande. Mimi ni mtu wa mikate. Miaka yote niliyouza, sijaona aliyeumeza mzima."

Mwenyekiti alicheka bila kutaka. Lakini hakukubali moja kwa moja. Alisema waende wajaribu, ila kwa jukumu lao wenyewe, si kwa jina la Chama.

Kulikuwa na tatizo jingine. Mwishoni mwa tuta, upande wa mto, ofisi ya njia ilikuwa imesimika vyuma viwili vilivyobanana. Magongo yalipita. Kiti cha magurudumu hakikupita. Chapuchapu alikwenda ofisini. Ofisa wa zamu alimsikiliza, kisha akasema vyuma vile viliwekwa ili kuzuia pikipiki zisiwagonge watu.

Katika mji mzima hakuna mtu aliyekuwa na sababu kubwa kuliko yake ya kuzichukia pikipiki. "Zizuieni," alisema Chapuchapu. "Mimi wa kwanza nawaomba mzizuie. Lakini wekeni lango linalofunguka, na ufunguo mbaki nao. Mtu wa kiti hajamgonga mtu." Ofisa aliahidi kulifikisha suala hilo kwa wakubwa. Ahadi ikalala huko ilikolala.

Safari ilipowadia, wenye miguu mizima walianzia milimani, siku kadhaa kabla ya wenzao. Kundi la pili lilikuwa dogo: Chapuchapu, Fundi Cherehani, mzee mmoja mstaafu mwenye ugonjwa wa moyo aliyetembea na kupumzika, na Mwalimu na gari lake. Walipitia barabara ya magari ya mbao msituni siku ya kwanza, kisha tambarare ya reli ya zamani, wakalala kwenye nyumba ya wageni, na kesho yake wakafika tutani. Fundi Cherehani alizungumza kidogo sana. Alikuwa akitazama miti, maji na mbingu kama mtu anayesoma barua iliyochelewa.

Walilimaliza tuta, wakavifikia vyuma. Bado vilikuwa pale pale.

"Tutakubeba," alisema Mwalimu. "Mimi na mzee..."

"Mzee ana moyo mbovu, nawe ukiniangusha nitakushtaki," alijibu Fundi Cherehani. "Na mimi si gunia. Shikeni kiti."

Alijishusha chini kwa mikono. Mikono iliyosukuma kiti maisha yote ilikuwa na nguvu kuliko ya wote waliokuwapo. Akajikokota juu ya changarawe, akajipenyeza kati ya vile vyuma, sketi yake ikikusanya vumbi lote la tuta. Mwalimu aliinua kiti juu ya vyuma, akakishusha upande wa pili, akakishikilia kwa mikono yote miwili mpaka mwenyewe alipokipanda. Fundi Cherehani alijipangusa viganja, ngozi ikiwa imechubuka, akasema, "Twendeni."

Alasiri walifika ziwani. Waliotoka milimani walikuwa wamefika kabla yao, wamekaa chini wamenyoosha miguu. Mwenyekiti aliinuka kuwapokea, mkono mbele, kisha akaiona sketi ya Fundi Cherehani, na viganja vyake.

"Umeanguka?"

"Sijaanguka. Nimejikokota kati ya vyuma vyenu."

"Si vyetu, ni vya ofisi..."

"Vimekaa kwenye njia yenu," alisema Fundi Cherehani kwa utulivu. "Mmevipita kila mwaka."

Mwenyekiti alivuta begi lake, akatoa dawa ya vidonda na pamba, akapiga magoti kwenye mchanga, akaanza kuvisafisha viganja vile yeye mwenyewe. Alipomaliza alisema, bila kumtazama mtu, "Kesho kutwa nitakwenda pale ofisini. Kwa jina la Chama."

Alikwenda, na akaenda tena na tena, maana ofisi ni ofisi. Ilichukua muda mrefu, lakini vyuma viling'olewa, na lango pana likawekwa. Pikipiki hazipiti. Viti vya magurudumu vinapita.

Siku hizi Chama kina makundi mawili, na watu huhama kutoka moja kwenda jingine kadiri miaka na magoti yanavyowaruhusu. Kipande cha miamba Chapuchapu hajakiona tena, wala hatakiona, naye hasemi uongo juu ya hilo. Akikitaja, sauti yake hushuka kidogo. Lakini kila mwezi watu humfuata kaunta: mjamzito, mwenye kisukari, aliyetoka kufanyiwa upasuaji, mwana anayetaka kumtembeza mama yake. Humwuliza wapi wataweza. Naye kwanza huwauliza goti linauma likikunjwa au likinyooshwa, wanaweza kusimama kwa muda gani, gari litawasubiri wapi. Kisha huwaambia kipande chao. Na jina lake la utani limerudi midomoni mwa watu, bila pole ndani yake.

Mtaalamu wa viungo aliyemtibu alimkuta msituni wakati mmoja, kwenye barabara ya mbao, amekaa juu ya gogo akingoja nguvu zirudi, na watu wasiopungua kumi wamekaa pamoja naye, kila mmoja na fimbo, gongo au kiti chake. Alimwuliza kama bado anatembea siku hizi. Chapuchapu alijiinua kwa magongo yake, akawaashiria wenzake, na wote wakaondoka kwa mwendo wa yule aliyekuwa wa mwisho. Mtaalamu alisimama akiwatazama hadi walipopotea kwenye miti, akaamini kwa macho yake kwamba kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.